Kinu Kilichohudhuria Misiba

Kinu cha Mwalimu hakikuwahi kufika Kibondo, wala bolti yake moja haikuonekana, lakini kilihudhuria misiba mingi kuliko watu kadhaa ninaowajua, ambao leo sitawataja kwa kuwa bado wananisalimia. Msiba ukitokea mtaani kwetu, njia ya kwenda Kitahana, Mwalimu alikuwa anafika na mizigo miwili ya kuni. Wa kwanza anautua na kusema, "Huu wangu na mama Neema." Halafu anarudi njiani kufuata wa pili, anautua pembeni kidogo, anajifuta jasho na kusema bila hata chembe ya tabasamu, "Na huu wa kinu." Kinu cha nyuklia, jamani. Kile cha kutoa umeme kwa atomu. Kinaleta kuni!

Nilikuwa jirani yake kwa miaka mingi, na karibu miaka yote hiyo tulikuwa tunabishana. Mimi nauza paneli za sola, betri na taa zake, na natengeneza zilizoharibika. Watu wananiita Mama Sola, na jina langu la ubatizo nadhani analikumbuka padri peke yake. Mwalimu alikuwa mwalimu wa fizikia, aliwafundisha wanangu wote, na mmoja alimfundisha mara mbili kwa kuwa alirudia darasa. Sitasema alizaliwa wapi wala ukoo wake ni upi. Mwenyewe akiulizwa alikuwa anataja mkoa tofauti kulingana na anayemuuliza. Tulichojua ni kwamba serikali ilimleta huku kufundisha, akastaafu, wenzake wakafunga mizigo wakarudi kwao, yeye akabaki. Kiha alikiongea vibaya na kwa sauti kubwa. "Mwakeye!" ananipigia kelele, salamu ya asubuhi hiyo, na hapo ni saa kumi jioni nafunga kibanda.

Redio ndiyo iliyomharibu. Kabla ya hapo alikuwa mstaafu wa kawaida, analima maharage, anagombana na mbuzi za watu. Siku hiyo alikuja kibandani kwangu bila salamu yoyote, ya asubuhi wala ya jioni.

"Mama Sola, biashara yako imekufa."

"Nani kaiua?"

"Atomu."

Akavuta kigoda, akaanza. Kwamba huko duniani sasa hivi wanajadili vinu vidogo vya nyuklia. Si yale majumba makubwa ya zamani, hapana. Vidogo, vinatengenezwa kiwandani vipande vipande, vinapakiwa kwenye lori, vinakuja kuunganishwa hapo hapo penye shida. Havitoi moshi. Havingoji mvua. Havilali. Mji mdogo kama wetu, kinu kimoja tu, basi, umeshiba umeme mpaka wajukuu.

"Vipo vingapi duniani?" nikamuuliza.

"Vichache."

"Vichache ni vingapi?"

"Vinavyotosha kuthibitisha hoja," akasema, akaondoka na kigoda changu.

Msimcheke haraka. Shida aliyokuwa anaizungumzia ilikuwa ya kweli, na sisi wa nyanda hizi tunaijua. Zamani mvua ilikuwa inaanza mwezi wa kumi, unapanda, unakaa zako. Siku hizi unapanda mbegu zinaungua ardhini, unapanda tena, inakuja mvua ya hasira inabeba udongo na mbegu zake kwenda Malagarasi. Umeme nao, tuliishi miaka na jenereta la mji. Likinguruma tunajua upo, likinyamaza tunatafuta kibatari. Gridi ilipofika tukapiga vigelegele, mimi nikiwa mmojawapo ingawa nilijua itaniharibia soko. Haikuniharibia. Kukatika kulibaki pale pale, wateja wangu wakarudi kwa aibu mmoja mmoja. Mwalimu alikuwa anayafunga haya yote pamoja: moshi wa dunia unaharibu mvua, mvua ikiharibika mto unapungua, mto ukipungua bwawa halitoi umeme, umeme ukikosekana tunakata miti tuchome mkaa, na miti ikiisha mvua ndiyo inakwenda moja kwa moja. Hapo alikuwa anapiga meza. "Hoja, si hasira!" anasema, huku vikombe vyangu vinaruka.

Mimi namwambia jua lipo, la bure, halina lori. Ananiambia jua langu linakwenda kulala saa kumi na mbili na kuku. Namwambia kuna betri. Ananiambia betri zangu anazijua, zinakufa kabla hazijamaliza udhamini. Hapo alinigusa penyewe, maana ilikuwa kweli kwa zile za mwaka ule. Siku hiyo sikumpa chai.

Alikuwa na ugonjwa wa kutoa maksi. Kila hoja aliyoisikia aliipa alama kwa kumi, iwe ya bungeni, ya kijiweni au ya madhabahuni. Mchungaji akimaliza mahubiri, wenzake wanasema amina, yeye anasema, "Sita." Mimi sikuwahi kuvuka tano. Aliyepata alama kubwa kuliko wote alikuwa mzee mmoja Mkongomani kutoka kambi ya Nyarugusu, muuza sabuni, tuliyemkuta gulioni kule Makere kwetu, nilipokuwa nimekwenda kusalimia ndugu zangu na Mwalimu akajipakia bila kualikwa. Mwalimu alimhubiria kinu mbele ya sabuni zake, kwa kirefu, wateja wamesimama. Yule mzee alimsikiliza mpaka mwisho kwa adabu zote, kisha akamjibu kwa Kiswahili cha kwao.

"Papaa, minakuelewa. Ile urani, kwetu Kongo iliko. Bazungu balichimba, balibeba, balienda nayo. Sisi tulibakia na shimo. Ampuli moja ya taa, Papaa, hata moja, haikuwaka kwetu."

Mwalimu akatoa pochi. Akanunua sabuni. Njia nzima ya kurudi hakusema neno, na mimi nilikaa najilia raha zangu. Tulipokaribia Kibondo ndipo akasema, akiangalia dirishani, "Yule nampa tisa." Nikamuuliza moja imekwenda wapi. Akasema moja ni kwa sababu hakutoa suluhisho.

Sasa huyu huyu aliyetaka tuishi na atomu alikuwa anaogopa mtungi wa gesi. Haukuingia nyumbani kwake, abadani. Radi ikipiga hata upande wa Gwarama huko, anachomoa redio, anachomoa taa, anavua saa, anakaa katikati ya chumba. Nguo zake zilipigwa pasi ya mkaa. Mkewe alipika kwa kuni mpaka siku yake ya mwisho, na alikuwa anamsema mbele za wageni: "Mwanaume anaogopa mtungi, anataka bomu." Yule mama alikuwa na ulimi, Mungu amrehemu. Kinu alikuwa anakiita mke mwenza. "Nenda kaangalie nyumba ndogo kule Kitahana," anamwambia, "mimi ntakutunzia ugali."

Kitahana ndiko kilikokuwa kiwanja, na hapo ndipo kichekesho kilipoanza kuuma.

Mwalimu na mkewe walikuwa na mtoto mmoja tu, Neema, muuguzi wa hospitali kule Kasulu. Msichana mtulivu, ana macho ya mama yake bila ule ulimi. Mwalimu alipostaafu alinunua kiwanja, mteremko mzuri unaotazama bonde, umezungushiwa manyara. Siku aliyokinunua alinionyesha kwa mkono akasema, "Hiki cha Neema. Atajenga, atahamia, atatuzika." Kwa masikio yangu haya. Halafu ikaja redio, akaniambia amepima, amefikiri, na hakuna mahali Kibondo nzima panapofaa kinu kama pale.

"Na Neema?"

"Neema ana kazi Kasulu. Kinu hakina pa kwenda."

Alikuwa amesikia kwamba huko wanakojenga vitu hivyo, majirani lazima waulizwe kwanza, waridhie kwa hiari yao. Jambo hilo lilimpendeza kupita kiasi, kwa sababu na sisi tuna utaratibu wetu wa hivyo. Kwetu mtu akipata ardhi, wale anaopakana nao wanaitwa, mnautembea mpaka pamoja, kisha mnakaa mnakunywa pombe ya rubisi kutoka chungu kimoja. Ukishanywa umekubali, na kesho huwezi kusema humjui jirani. Mwalimu hakuwa wa huku, kwa hiyo mila zetu alizishika kuliko sisi wenyewe. Akamlipa mama mmoja akapika rubisi ya ndizi, akawaita wazee wote wa mpakani waje kukiridhia kinu. Mimi nilialikwa kama mpinzani rasmi, nikapewa kiti.

Mkubwa wa wazee wale alikuwa Mzee Bukuru, ambaye shamba lake la mihogo liligusa kiwanja upande wa juu. Mzee wa maneno machache, na Kiswahili alikuwa anakivaa kwa shughuli maalumu. Waliutembea mpaka, wakakaa, chungu kikawekwa, mirija ikachomekwa. Mwalimu akaeleza kinu chake kutoka mwanzo hadi mwisho. Kisha Mzee Bukuru akauliza.

"Huyo jirani, anakula nini?"

"Urani, mzee. Kidogo tu. Akila leo, anakaa miaka hajala tena."

Wazee wakatazamana, wakaridhika na jirani asiye na tamaa.

"Na haja anaenda wapi?"

"Vipi, mzee?"

"Anakula. Anayekula anaenda haja. Wapi?"

Nikamtazama Mwalimu. Mwaka mzima nilikuwa namzunguka na hoja za bei na za muda, na hili la mabaki sikuwahi kumpiga nalo sawasawa. Akajikuna shingo. "Hilo mzee, mabaki yake yapo, ni machache lakini ni makali, yanakaa muda mrefu sana. Hata wenzetu wakubwa bado wanajadiliana wayaweke wapi."

"Basi achimbe choo kwanza," Mzee Bukuru akasema. "Kirefu. Na msiba ukitokea, atakuja?"

Lazima niwaeleze kitu hapa. Hakuna hata mmoja kati ya wazee wale aliyekitaka hicho kinu. Lakini utamwambiaje hapana mtu ambaye umeshainama na kuvuta rubisi yake, na aliyewafundisha watoto wako? Haisemeki. Kwetu mtu humkatalii, unampa masharti, na mwenye akili anaelewa kwamba amekataliwa. Choo na misiba ndiyo ilikuwa hapana yao. Mtu yeyote wa Kitahana angeelewa, angecheka, angewaaga, na mambo yangeishia pale.

Mwalimu akasimama akawapa mkono mmoja mmoja, macho yanang'aa. "Masharti ya haki kabisa," akasema. "Nimekubali."

Yebaba wee! Mzee Bukuru alikaa ameshika mrija mkononi muda mrefu.

Wiki hiyo hiyo Mwalimu akaleta vijana wakachimba. Choo kirefu, cha kusakafiwa, kina mlango, kina na bomba la hewa. Kiwanja kizima kikawa na choo peke yake, hakuna nyumba, hakuna banda, choo tu kimesimama katikati ya majani kinatazama bonde. Bwana afya wa kata alipopita kukagua vyoo vya kaya alikipigia mfano katika mkutano: kaya ya kwanza kuwa na choo bora kabla ya kuwa na watu. Neema alikuja likizo akakiona. Alikizunguka, akafungua mlango, akachungulia, akafunga.

"Ma'mdogo," akaniambia, maana ndivyo alivyoniita tangu mdogo, "kinu kina choo. Mimi sina nyumba."

Tulicheka, tukashikana mikono kwa kucheka. Lakini nilimwona alivyougeuza uso kuelekea bondeni, na mimi kicheko kikanikauka. Mtoto wa watu alikuwa anataka kurudi nyumbani. Alikuwa tayari kuomba uhamisho aje hospitali ya Kibondo, akae karibu na wazazi wake wanaozeeka. Alichohitaji ni pale pa kujenga tu. Akamwomba baba yake. Baba yake akamwambia, kwa upole kabisa, kwamba kiwanja kina mwenyewe.

Ikaanza sasa ile misiba. Nimeshasema habari ya kuni. Sikusema kwamba Mwalimu alikuwa anatoa na mkono wa pole mara mbili, kwanza wake, kisha anavuta pumzi, anamshika mfiwa tena mkono: "Na jirani yetu pia anakupa pole." Wafiwa wa mwanzo walidhani ni uchungu umemchanganya. Baadaye watu wakazoea, kama wanavyozoea kila kitu. Wapo waliokuwa wanaulizana jikoni, kinu kimefika? Kimefika, kuni zake zile pale. Mama mmoja alikuwa analalamika hadharani kwamba msiba wa mama mkwe wake kinu kilichelewa. Mpaka mgambo mmoja mvivu, asiyekwenda kuzika mtu, mwenyekiti wa kitongoji alimsema mbele ya mkutano: hata kinu ambacho hakipo kinashinda wewe!

Mimi nilikuwa nakasirika. Namwambia Mwalimu, unakata miti kwa ajili ya kitu kinachokuja kuokoa miti. Ananiambia ni uwekezaji. Namwambia umezeeka, mgongo huo, mizigo miwili! Ananiambia tufikiri kama watu wazima, nikiacha msiba mmoja tu, ridhaa ya majirani itavunjika. Na anaendelea kufunga kamba.

Halafu mkewe akafa. Ghafla, mchana, akiwa anachambua maharage. Ule ulimi ukanyamaza, na mimi ninavyosema hivi bado sijauzoea huo ukimya upande wa pili wa ua wangu.

Watu walijaa. Neema alikuwa amefika kutoka Kasulu, amekaa mkekani, ametulia kupita kiasi. Mwalimu alikuwa amekaa nje kwenye kiti, kanzu imekunjamana, hata redio hakuna aliyeiwasha. Akaja Mzee Bukuru na vijana wake. Mzee akatua mzigo wa kuni mbele ya Mwalimu.

"Huu wako, Mwalimu. Pole."

Akamgeukia kijana wake, akapokea mzigo wa pili, akautua pembeni kidogo, pale pale ambapo Mwalimu alikuwa anautua wake kwenye misiba ya watu.

"Na huu wa jirani. Naye kafiwa."

Nyuma yake majirani wote wa mpakani walikuwa wamepanga mstari, kila mmoja na mizigo miwili. Maharage mara mbili, unga wa muhogo mara mbili. Wanawake walimpa Mwalimu mkono, wakavuta pumzi, wakampa tena mkono. Hakuna aliyecheka. Mwalimu ndipo alipolia. Alilia kwa sauti, kinywa wazi, na mimi niliyekuwa namcheka kwa kinu hicho miaka yote niliketi chini kando ya sufuria nikalia naye.

Baada ya arobaini Neema alimwomba tena. Nilikuwepo, nilikuwa nimeleta uji. Alimwambia, "Baba, mama hayupo. Niruhusu nijenge, nije nikutazame." Alimwambia bila hasira, amepiga magoti kama tunavyopiga.

Mwalimu akamtazama mwanawe, na niliona anavyotaka kusema ndiyo. Niliona kabisa. Akasema, "Mwanangu, wale wazee wamekipa kinu pole ya mama yako. Leo nikikifukuza nitaonekana nilikuwa nawachezea."

Neema hakuomba tena. Akarudi Kasulu. Akija anakuja mara moja moja, analeta dawa za presha, analala, anaondoka. Nikasikia ameanza kutazama kiwanja huko huko Kasulu, ameshapata anayeuza. Nikajua akijenga kule, Kibondo imekwisha kwake, na huyu mzee atazeeka peke yake na choo.

Haikuchukua muda, presha ikamwangusha Mwalimu shambani. Neema akaja na gari akamchukua kwenda Kasulu, kwenye chumba chake cha kupanga. Nyumba ya jirani yangu ikafungwa. Nilivumilia, nikashindwa. Nikafunga kibanda mchana kweupe nikapanda kwa Mzee Bukuru, nikamkuta anamenya mihogo.

"Mzee, shikamoo. Nina swali na usinipe masharti, nijibu. Mnakitaka kile kinu?"

Akaendelea kumenya. "Kinu gani?"

"Mzee!"

Akaweka kisu chini. "Nani akitake? Kitu kinakwenda haja sumu. Sisi tulikubali kwa heshima ya Mwalimu. Alivyokuwa anajitwisha zile kuni, utamwambia nini? Tukasema basi, tumheshimu mpaka mwisho."

"Na yeye anakishikilia kwa heshima yenu!"

Nikamweleza yote, na habari ya Neema, na ya kiwanja cha Kasulu. Mzee alinisikiliza, na sura yake ikawa inabadilika taratibu kama ya mtu anayetafuta ufunguo aliokwisha kuushika. "Yule binti anataka kujenga? Muuguzi? Pale juu kwetu?" akauliza. "Sisi tunakwenda kliniki kwa pikipiki, na muuguzi anazuiwa na choo?"

Kesho yake waliitana wote wa mpakani. Wakautembea mpaka wote, taratibu, na mimi nyuma. Wakakaa, wakanywa, rubisi yao wenyewe safari hii. Kisha Mzee Bukuru akanipa maneno ya kupeleka, akanifanya niyarudie mpaka aliporidhika.

Nilimkuta Mwalimu amelala kwenye kitanda cha Neema, Neema mwenyewe analala mkekani. Amekonda, mkono mmoja hauna nguvu. Aliponiona akajitahidi kuinuka. "Mwakeye!" Ilikuwa jioni. Neema alikuwa ametoka zamu, bado na sare, anachemsha maji.

"Mwalimu," nikasema, "nimetumwa. Majirani wa mpakani wa Kitahana wanakusalimu. Wanasema wamekaa, wameutembea mpaka, wamekunywa. Wanasema kinu kimekuwa jirani mwema, hakikugombana na mtu, misiba yote kilikuja. Lakini wamekiruhusu kiende zake. Kisije kwa ajili yao. Wanasema wanaomba, kama inawezekana, wapewe jirani muuguzi."

Neema alisimama pale pale na sufuria mkononi.

Mwalimu akanikazia macho. "Bukuru amesema hivyo? Kwamba kiende zake?"

"Amesema hakuna aliyekitaka tangu mwanzo. Walikuwa wanakuheshimu."

"Tangu mwanzo?"

"Tangu choo, Mwalimu."

Nilidhani atakasirika, nikajiandaa. Akaanza kutikisika, nikaogopa ni presha, kumbe anacheka. Alicheka mpaka machozi yakamshuka kwenye masikio kwa vile alivyolala. "Mizigo yote ile!" akasema. "Mgongo wangu! Na mimi, Mama Sola, na mimi nilishaacha kungoja kabla mama Neema hajafa. Nasikiliza redio kila siku. Nchi zenye hela, zenye maprofesa, bado zinabishana, wengine wanaanza wanaacha. Labda wako sawa, labda sijui. Ila wale wana muda wa kubishana. Mimi muda nilionao ni huu." Akaniangalia kwa lile jicho lake moja lililobaki na ukali. "Usidhani umeshinda. Jua lako bado linalala na kuku."

"Lilale," nikasema. Nilikuwa nimeshashindwa kujizuia, pua yote imelowa.

Akamgeukia mwanawe. "Neema. Yule wa kiwanja cha hapa, umeshamlipa?"

"Bado, baba. Kesho kutwa."

"Usimlipe. Nenda kajenge kwetu."

Neema akaweka sufuria chini. Akaja akakaa ukingoni mwa kitanda, akaushika ule mkono usio na nguvu. Kisha akamuuliza, na sijui mpaka leo kama alikuwa anamtania au la, "Na kikija kweli, baba? Lori likafika?"

Mwalimu akafikiri kama anavyofikiri mtu aliyeulizwa swali la haki.

"Litakuta kuna mtu nyumbani," akasema.

Neema akamvutia blanketi mpaka kifuani, akamwambia alale sasa, ameongea sana. Hakulala. Alianza kumweleza mlango uelekee upande gani.